Miguu, Niponye

Jumatatu, ngazi za ghorofa ya tano
nazishuka kinyumenyume,
kama mtu anayeaga mlango wake
akiogopa kuupa kisogo.
Mapaja yamekakamaa kama kamba iliyolala mvuani.
Jana, kilomita ya thelathini na tano,
pale barabara ya Košice inapokunja kurudi mtoni,
niliomba waombavyo wakimbizwao:
miguu, niponye!
Ikaniponya.
Leo ndiyo inayoomba, ngazi baada ya ngazi:
mwenyewe, nawe tuponye.

Mimi ni muuza dawa.
Miaka ishirini na miwili nimesimama nyuma ya kioo
nikiwaambia watu: paka mara mbili kwa siku,
usikande kwa nguvu.
Mganga hajigangi.
Nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea
nautazama ukucha wa gumba, mweusi kama kokwa la plamu,
na marhamu imo mfukoni mwa koti,
koti liko sebuleni,
na sebule iko mbali.

Chumvi niliikuta nyuma ya masikio.
Blanketi la karatasi ya fedha linachakarika kitini
kila nifunguapo dirisha.
Medali nimeitundika kwenye kitasa cha choo,
inagonga, ti, ti, kila nipitapo usiku,
na napita mara nyingi, maana usingizi umegoma:
mwili umelala chali,
moyo bado uko kilomita ya kumi na nane
unahesabu vikombe vya maji.

Hakuna aliyenionya kuhusu Jumatano.
Maumivu yalipoanza kufunganya virago
kikaingia kitu kingine, bila hodi.
Nilikuwa nachemsha maji ya chai.
Birika likalia, nami nikalia,
na mimi ndiye niliyechelewa kunyamaza.
Mlangoni pa friji, karatasi ya wiki kumi na saba,
kila kisanduku kina alama ya kalamu nyekundu.
Chini ya kisanduku cha mwisho ni weupe mtupu
na sumaku ya Matúš, aliyoniletea kutoka Brno
mwaka aliohama na kitanda chake.
Nilidhani naukimbilia mstari.
Kumbe jioni ndizo zilizokuwa zikinikimbiza.

Alhamisi, lifti bado mbovu,
nikamkuta mama Terézia Hudáková wa ghorofa ya nne
amesimama ngazini, mkono kwenye reli.
Nyonga yake ni ya chuma tangu Agosti.
Akanitazama nilivyochechemea, akacheka mpaka akapaliwa.
"Na wewe ulilipa ili uwe hivi?"
Yuro arobaini, nikamwambia, na fulana juu yake.
Akanifundisha alivyofundishwa hospitalini:
ukipanda, mguu mzima utangulie;
ukishuka, mgonjwa awe wa kwanza.
"Na kama yote miwili ni migonjwa?"
"Basi mngoje jirani."
Ghorofa nne, dakika kumi na moja.
Sijawahi kwenda polepole vile,
wala kufika nikiwa nimeshikwa kiwiko.

Jioni akagonga.
Alikuwa amepanda ghorofa nzima na fimbo yake
na bakuli la supu ya kabichi chachu.
Nusu ilikuwa imemwagika njiani;
soseji zilikuwa mbili, akaapa ziliondoka tatu.
Tulikula jikoni bila kuwasha taa,
yeye akinisimulia mumewe alivyokoroma,
mimi nikiitikia,
na nilipoamka kitini ilikuwa alfajiri,
sahani zimeoshwa.

Leo Jumapili tena.
Saa ya mkononi nimeiacha drooni.
Ukucha unacheza, hautaki kung'oka.
Viatu nilivianika barazani, bado vinanuka jasho
na kitu kama ndizi;
nimevivaa hivyohivyo kwenda kununua mkate.
Kituoni, tramu namba sita ilikuwa inafunga milango.
Dereva akaniona nimevaa raba, akanisubiri kidogo.
Miguu ikaniuliza.
Nikaiambia: ipite.